Jua la Saa Saba na Mabinti wa Mbio za Nyika

Kila mwaka shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, wasichana wa shule za upili hutoka uwanjani kujiandaa kwa michezo ya muhula wa kwanza. Huu ndio wakati wa riadha na mbio za nyika, na ndio wakati ambapo jua la nchi hii halina huruma. Mvua za vuli zimekwisha, za masika hazijaanza, nyasi zimekauka na vumbi limetanda. Basi utawaona mabinti hamsini au sitini wamejipanga nyuma ya mstari wa chokaa, wengine wamevaa njumu, wengine raba za kawaida, na wengine hawana kitu mguuni, wote wakingoja firimbi ya mwalimu. Ratiba ilisema saa tatu asubuhi. Lakini basi la shule fulani lilichelewa, orodha ya majina ikapotea, mgeni wa heshima naye akangojewa. Ukitazama saa yako utakuta ni saa saba kasorobo za mchana.

Hapo ndipo nataka kuanzia leo, mpenzi msomaji. Nasema na wazazi wenye mabinti wanaokimbia, na nasema na mabinti wenyewe, kwani najua kuwa ukurasa huu husomwa hata katika mabweni. Tumewalea watoto wetu kwa kuwaambia kwamba mwanariadha ni mtu wa kuvumilia, na ni kweli. Kilima kinavumiliwa. Kichomi kinavumiliwa. Lakini joto linapopanda ndani ya mwili halivumiliwi, na msichana ambaye hakufundishwa tofauti hiyo atalivumilia hadi aanguke.

Wako watakaocheka. Watasema, sisi ni Wakenya, mbio ni zetu na jua ni letu. Tuliangalie jambo hili taratibu. Iten, mahali palipotoa wanariadha wengi sana, iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Eldoret iko kama mita 2,100, na Nairobi karibu mita 1,700. Asubuhi huko Iten mtu hutoka nyumbani na sweta. Mtoto aliyekulia katika ukungu wa Limuru au Nyahururu akishushwa Mombasa mwezi wa Februari ni mgeni kama mtalii yeyote, hata kama anakijua Kiswahili.

Tuliliona jambo hilo kwa macho yetu tarehe 24 Machi, 2007, wakati mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipoletwa Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Wakati huo Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa kama mtu asiyeshindika. Tangu 2002 hadi 2006 alikuwa ameshinda mbio fupi na mbio ndefu za nyika za dunia kila mwaka bila kukosa. Mombasa ilimshinda. Joto na unyevu wa pwani vilimkaba, akajitoa mbio zikielekea ukingoni, na Zersenay Tadese wa Eritrea akanyakua ushindi. Wengi wengine walimaliza wakiyumbayumba. Siku hiyohiyo, katika mbio za kilomita 6 za wasichana wa chini ya miaka 20, Linet Masai wa Kenya alishinda. Alikuwa na umri wa miaka 17. Namtaja kwa sababu mbili. Kwanza, ni ushahidi kwamba msichana wa umri wa shule anaweza kukimbia vyema katika joto. Pili, hakufika pale kwa bahati. Timu ya taifa ina wakufunzi, madaktari na muda wa kujiandaa. Binti yako ana mwalimu mmoja wa michezo ambaye pia hufundisha Jiografia, na sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji mbili.

Mwili unafanyaje kazi katika mbio? Mfikirie mkimbiaji kuwa ni jiko la makaa linalotembea. Katika nguvu zote ambazo misuli inachoma, kama robo tu ndiyo inayomsukuma mbele. Sehemu kubwa iliyobaki hugeuka kuwa joto, na joto hilo ni lazima litoke. Njia kuu ya kulitoa ni jasho. Lakini wengi hukosea hapa: jasho lenyewe halipozi mwili, kinachopoza ni kukauka kwake. Mama yeyote wa Mombasa atakwambia nguo kwenye kamba huchukua muda gani kukauka siku ambayo hewa ni nzito, na dada yake aliyeolewa Garissa atamcheka. Jasho la mkimbiaji ni vivyo hivyo. Pale ambapo hewa imejaa unyevu, linamtiririka hadi kwenye soksi bila kumsaidia chochote. Ndiyo maana digrii 30 za Mombasa zaweza kumlemea mtoto kuliko digrii 33 za mahali pakavu, na ndiyo maana haitoshi kwa mwalimu kusikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni na kuridhika na ile nambari ya joto peke yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mwili hujifunza. Ukiuzoesha joto kidogo kidogo, kwa muda wa siku 10 hadi 14 huanza kutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na kuhifadhi chumvi yake. Sasa tazama tunavyofanya sisi. Shule ya nyanda za juu inafuzu kwa mashindano yanayofanyika Pwani au Kisumu. Wasichana wanapakiwa katika basi jioni, wanasafiri usiku kucha wakiwa wamebanana na magodoro, wanafika alfajiri, wanakunywa chai na mkate, na kabla ya adhuhuri wako kwenye mstari. Hakuna shule inayoweza kuwapeleka wiki mbili kabla, hilo naelewa, karo yenyewe hailipwi. Lakini mwalimu anaweza kuwazoesha nyumbani. Badala ya kukimbia alfajiri tu, wafanye siku chache za wiki mazoezi mepesi saa nne au saa tano, waanze na dakika 20 na kuongeza polepole, maji yakiwa karibu. Gharama yake ni kubadilisha ratiba. Nami nawasihi wale wanaowavisha wasichana sweta mbili na karatasi za plastiki ili "watoe mafuta" waache mchezo huo. Kinachotoka pale ni maji, na hatari yake ni kubwa.

Nilizungumza na mwalimu wa michezo wa shule moja ya wasichana jijini Nairobi kuhusu mambo haya. Nilimwuliza kwa nini wasichana wake huanza mbio kwa kasi kana kwamba wamefukuzwa na nyuki, ilhali kilomita 6 ni ndefu na jua ni kali.

"Dada, mimi huwaambia waanze pole," alinijibu. "Lakini wakipita pale penye miti, wazazi wanapiga kelele, 'Kimbia! Unalala? Tumekuja kukutazama ukilala?' Sasa mtoto atamsikiliza nani, mimi au babake?"

Nilikosa la kumjibu. Sisi wazazi ndio tunaosimama kivulini na soda mkononi, nao wako juani.

Kama kuna mtu wa kuigwa katika jambo hili, ni Catherine Ndereba. Mwaka wa 2001 huko Chicago alikimbia marathoni kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 47, muda ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameufikia wakati huo. Miaka sita baadaye, Septemba 2007, alikuwa Osaka, Japani, katika mashindano ya dunia, kwenye joto la kuchosha. Safari hii alitumia saa 2 dakika 30 na sekunde 37. Hesabu mwenyewe: karibu dakika 12 zaidi. Na alipata dhahabu! Aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa sekunde 8 tu. Mama huyu alikuwa na desturi ya kuwaacha wenzake waende, kisha kuwaokota mmoja mmoja mwishoni. Mkimbiaji anayejua kazi yake hatafuti muda wake bora siku ya joto, kwa sababu saa siku hiyo haina maana. Anayetaka kushinda hujiuliza ni nani atakayebaki amesimama katika kilomita ya mwisho. Huko Doha, Qatar, mwaka wa 2019, marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane ili kulikwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Wale 28 waliojitoa walikuwa wanariadha wa mataifa yao. Hakuna aliyewaita wavivu.

Sasa niingie katika sehemu ambayo ningependa uikate na kuibandika ukutani jikoni.

Msichana aliyechoka hulalamika, hupumua kwa nguvu, huketi, na ukimwuliza jina lake atakujibu, pengine kwa hasira. Baada ya dakika chache kivulini anaomba maji na kuuliza amekuwa wa ngapi. Msichana ambaye joto limemzidi ni tofauti. Anayumba kama mlevi. Anakimbia kwenda upande usio wake. Ukimwuliza yuko wapi anakupa jibu lisiloeleweka, au anakutukana, yeye ambaye hajawahi kumtukana mtu. Huenda akaanguka, akatapika au akazimia. Hali hii madaktari huiita kiharusi cha joto. Ndani ya mwili joto limepita digrii 40, na ubongo umeanza kuathirika. Usidanganyike kwa kuona kuwa bado anatoa jasho. Kuna watu husema mtu wa namna hii huwa amekauka ngozi, lakini mkimbiaji anaweza kuwa amelowa chepechepe na bado yuko hatarini. Tena usiutegemee ule upimaji wa kipimajoto cha kwapani, kwani ngozi yaweza kuwa na nafuu huku ndani kunaungua. Tazama akili yake. Akili ikipotea, usingoje.

Na hapo kosa letu kubwa ni lile la nia njema. Tunambeba mtoto, tunamsukuma ndani ya gari la mzazi fulani, madirisha yamejaa vichwa, na safari ya hospitali inaanza katika msongamano wa magari. Nusu saa inapita na ubongo unaendelea kuungua. Madaktari wa michezo wana kanuni moja wanayoirudia kila mahali: poza kwanza, safirisha baadaye. Maana yake ni kwamba mtoto anatumbukizwa palepale uwanjani katika maji baridi hadi shingoni, mtu akimshikilia kichwa kisizame, na maji yakikorogwa. Barafu ikiwemo ni bora zaidi. Kama hakuna chombo kikubwa, alazwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji mfululizo mwili mzima, afunikwe kwa taulo zilizolowa ambazo zinabadilishwa kila mara, na apepewe. Kazi hii ianze mara moja wakati mwingine akipiga simu kuita ambalensi. Asinyweshwe chochote ikiwa hana fahamu zake. Zile dakika 30 za kwanza ndizo zinazoamua mambo.

Beseni kubwa la plastiki, lile tunaloogeshea watoto au kufulia blanketi, halitoshi mtu mzima. Lakini tangi la plastiki lililokatwa nusu, au hata turubai lililoshikwa pembe zake na walimu wanne na kumiminiwa maji, hufanya kazi. Nimewahi kuona shule zikinunua vikombe vya fedha na mahema ya wageni wa heshima. Tangi lililokatwa halikuwepo.

Kuhusu maji ya kunywa, kuna makosa mawili yanayopingana. Zamani walimu waliwakataza wakimbiaji maji, wakisema yanaleta kichomi. Siku hizi msichana anabeba chupa ya lita moja na nusu na kuimaliza yote kabla ya mbio kwa sababu ameambiwa maji ni uhai. Maji mengi mno kwa mara moja hupunguza nguvu ya chumvi katika damu, na hilo nalo limewahi kuwalaza watu hospitalini. Kwa mbio za kilomita 6, ambazo wengi huzimaliza katika nusu saa hivi, binti anywe kawaida tangu jana yake, anywe kidogo kidogo asubuhi, na aisikilize kiu yake. Mkojo wa rangi hafifu ni dalili njema. Vinywaji vya rangi vinavyotangazwa kwenye televisheni si lazima. Pesa hizo mnunulie kofia na machungwa.

Kuna mambo mengine ambayo binti hatamwambia mwalimu, hasa mwalimu mwanamume, na pengine hatamwambia babake. Katika nusu ya pili ya mwezi wake, kabla ya hedhi, joto la mwili wa mwanamke hupanda kwa kadiri ya nusu digrii. Hilo halimzuii kukimbia, ila ajue kwamba siku hiyo joto litamwandama mapema. Zaidi ya hilo ni upungufu wa damu. Msichana anayekimbia, anayekua, na anayepata hedhi nzito huhitaji madini ya chuma kuliko nduguye mvulana. Akionekana mchovu wiki baada ya wiki, apimwe damu badala ya kuitwa mzembe. Nyumbani mpeni nyama ikipatikana, maharagwe, ndengu, terere na mchicha, pamoja na chungwa au ndimu, na chai mwisogeze mbali na mlo, maana majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Najua nyumba nyingi ambapo githeri haishuki bila kikombe cha chai. Kiwekwe saa moja baadaye.

Kisha kuna homa. Msichana aliyekuwa na malaria au homa yoyote juzi, aliyehara jana, au ambaye hakulala, hafai kukimbia juani leo. Atasema amepona. Atasema hivyo kwa sababu nafasi ya timu ni moja na mwenzake anaimezea mate. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini mtoto wa miaka 16 hajali wahenga, anajali jezi. Hivyo basi mwalimu amwahidi mapema, mbele ya timu nzima, kwamba atakayesema anaumwa hatapoteza nafasi yake. Na wasichana Waislamu mashindano yakiangukia mwezi wa Ramadhani, wapewe nafasi ya kukimbia mapema asubuhi au kuachwa mbio hizo bila kuulizwa maswali mbele ya watu.

Limebaki suala la saa. Maafisa wa michezo hupenda kusema ratiba ikishatoka haibadiliki. Mwaka wa 2021, katika Olimpiki za Tokyo, marathoni ilihamishwa hadi Sapporo, mji ulio mbali sana kaskazini, kwa sababu ya joto. Hata huko, usiku wa kuamkia mbio za wanawake, waandalizi waliona joto litakavyokuwa na wakasogeza mwanzo kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili. Wanariadha walipata habari wengine wakijiandaa kulala. Peres Jepchirchir alishinda, Brigid Kosgei akawa wa pili, na Kenya nzima ikafurahi. Ikiwa Olimpiki iliweza kusogezwa kwa saa nzima jioni ya mwisho, mashindano ya kaunti ndogo yanaweza kuanza saa mbili asubuhi, mgeni wa heshima awepo au asiwepo. Na jua likishapanda, mbio zipunguzwe mzunguko mmoja au zingoje saa kumi.

Neno kwa mabinti. Mwaka wa 2023 huko Bathurst, Australia, katika mashindano ya dunia ya nyika yaliyofanyika kwenye joto la zaidi ya digrii 35, Letesenbet Gidey wa Ethiopia alikuwa anaongoza mbio za wanawake. Mita chache tu kabla ya utepe, miguu ilimwisha akaanguka. Beatrice Chebet wetu akampita na kuchukua dhahabu. Gidey aliinuliwa na kusaidiwa, na kwa kuwa kanuni zinakataza mkimbiaji kusaidiwa, matokeo yake yalifutwa. Najua kanuni hiyo huwatia wengi hofu, na huwafanya wasichana wamwache mwenzao chini wakidhani kumgusa ni kumharibia. Mwenzako akianguka juani, simama, mwite mwalimu, mvute kivulini. Pointi za shule zitatafutwa mwakani.

Mzazi anayesafiri na timu aulize mambo matatu kabla ya basi kuondoka: maji ya kupozea yako wapi, nani amefunzwa huduma ya kwanza, na hospitali ya karibu ni ipi. Mwalimu mzuri hatakasirika kuulizwa.

Jumapili ijayo tutazungumzia viatu: je, ni lazima umnunulie binti wa kidato cha kwanza njumu za bei ghali, au raba za sokoni zinatosha?